Jina la Kwanza

Jumatano ya wiki ya pili ya kambi ya macho, Stephania alikataa kuondoka getini. Jumatatu alikuja akaambiwa jina la mwanawe halipo. Jumanne akaja, akaambiwa vilevile. Leo alikuwa ameketi chini kwenye kokoto, palepale magari yanapoingilia, miguu ameinyoosha mbele, mtoto amempakata. Mtoto mwenyewe, Agape, alikuwa na miaka saba, na mboni za macho yake yote mawili zilikuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele.

"Mama, nimekwambia toka hapo," alisema Dotto, mlinzi. "Gari la madaktari linataka kupita."

"Lipite juu yetu. Kadi yangu imeandikwa Jumatatu. Isome."

"Kadi nimeisoma jana na juzi. Mimi nafuata orodha. Ambaye hakupata ujumbe na hayumo kwenye orodha, haingii. Sheria sikuitunga mimi."

"Na orodha anaitunga nani?"

Macho ya Dotto yalimponyoka yakaenda kwenye dirisha la chumba cha kumbukumbu. Watu waliokuwa foleni wakayafuata. Winfrida alikuwa amesimama hapo dirishani, kikombe cha chai mkononi, na hakuwahi kurudi nyuma.

"Ndiye huyo!" Stephania alinyanyua kidole. "Muulizeni shangazi yake alipataje nafasi jana. Aliandikwa lini yule bibi? Sisi tulipimwa Katonga mwezi uliopita, yeye kaja juzijuzi, na jana katoka humo ndani na kitambaa jichoni. Mtoto wangu ana kosa gani?"

Mzee mmoja alikohoa. Mwanamke mmoja nyuma ya foleni alisema, si kwa sauti ya chini, "Kumbe yale maneno ni ya kweli."

Winfrida aliweka kikombe mezani. Maneno yapi? Hayo ndiyo hakuyajua mpaka dakika ile.

Hospitali ile ilikuwa ndogo, juu ya kilima, mali ya shirika lisilo na fedha nyingi, na mara moja kwa mwaka madaktari wa macho walikuja kukaa wiki mbili. Mwaka huu watu mia tatu walipimwa Ujiji, Mwandiga, Katonga na kwingineko, wakapangwa thelathini kwa siku. Wote waliingizwa kwenye hifadhidata ya hospitali, na aliyewaingiza alikuwa Winfrida Kalisti, mtunza kumbukumbu. Kila siku saa tisa alasiri kompyuta iliendesha skripti aliyoiandika yeye mwenyewe: faili fupi la amri lililoiuliza hifadhidata ni akina nani wanaopasuliwa kesho, likapokea jibu, likaliweka kwenye faili kwa mpangilio wa alfabeti. Kutoka kwenye faili hilo ujumbe wa simu ulikwenda kwa wagonjwa, na karatasi ya Dotto ilichapwa. Skripti hiyo ilikuwa imefanya kazi kambi mbili bila kuguswa.

Alikaa, akaandika swali moja kwa mkono. Jibu likaja mara moja. *Agape Feliksi, miaka 7, Katonga, macho yote mawili, Jumatatu.*

Alikuwemo. Siku ilikuwa sahihi, na namba ya simu pia. Winfrida akafungua faili la Jumatatu. Akalisoma juu mpaka chini, akarudia kwa kidole kioo chote. Agape hakuwemo.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Bwana Erasto, katibu wa hospitali, alikuwa mtu wa kunyoosha tai kabla ya kusema jambo baya, na sasa aliinyoosha.

"Winfrida, kuna nini getini?"

"Mtoto yumo kwenye hifadhidata, bosi, lakini kwenye orodha hayumo. Sijaelewa bado."

"Nani mwingine anaweza kufuta jina?"

"Hakuna."

"Una hakika unataka kunijibu hivyo?"

Winfrida alimgeuzia kioo cha kompyuta asome.

"Saa kumi nataka maelezo," Bwana Erasto alisema. "Wafadhili wako hapa mpaka Ijumaa. Sitaki kusikia tena neno 'shangazi' kwenye geti langu."

*

Nyumbani kwao Mwanga hapakuwa mbali, na saa saba alikwenda kula. Alikuta mabeseni mawili ya dagaa barazani. Hiyo haikuwa kawaida. Mama yake, Veneranda, alikuwa akirudi kutoka soko la Kibirizi jioni, mabeseni matupu, sauti imekauka kwa kunadi.

"Mama, umewahi."

"Nimefukuzwa, sikuwahi." Veneranda alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitenge amekifunga kiunoni kama mtu anayetaka kupigana. "Mteja wangu wa miaka sita, ameshashika dagaa mkononi, mwenzake akamnong'oneza. Akawarudisha. Unajua alisemaje? 'Hatununui kwa mama wa mwuza macho.' Mbele ya wapagazi. Wakacheka."

Ndani, kwenye kochi, shangazi Marcelina alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, kitambaa cheupe kimefunika jicho la kulia. Alikuwa dada wa baba, na tangu jana alikuwa akiugulia hapo.

"Wanataka nini?" aliuliza kwa unyonge. "Nilirudishe jicho? Mimi nilikaa kwenye benchi la akiba siku tatu, tangu alfajiri. Nesi akasema kuna mtu hakutokea, ingia wewe. Nikaingia. Ningekataa?"

"Hakuna anayekulaumu, shangazi."

"Wananilaumu wote. Nimefumba jicho moja, masikio yote mawili yako wazi."

Mzee Kalisti, baba yake, alitoka chumbani. Alikuwa katekista wa kigango kwa miaka ishirini na mbili, na hata nyumbani alivaa shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingo. Winfrida alimwamkia. Aliitikia "marahaba" bila kumtazama, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Ndipo akamtazama.

"Jumapili nasimama mbele ya watu. Kabla sijasimama, nataka kujua. Ulipokea kitu chochote kwa mtu yeyote?"

"Hapana, baba."

"Hata zawadi? Hata kuku?"

"Baba, hapana."

"Basi jina la yule mtoto limekwenda wapi?"

"Sijui."

"Kazi ni yako, kompyuta ni yako, ufunguo ni wako. Halafu hujui." Aliyasema polepole, kama anayemsomea mtoto wa kipaimara. "Hayo ndiyo majibu anayotoa mtu aliyepokea."

Ugali ulikuwa umeshapakuliwa. Winfrida alitazama ukipoa. Alikuwa na miaka ishirini na saba na hakukumbuka baba yake kumwita mwongo, hata alipokuwa mdogo na kusema uongo kweli. Alisimama, akachukua mkoba.

"Mwanangu, kula kwanza," mama yake alisema.

"Saa tisa orodha nyingine inatoka, mama. Sitaki itoke kabla sijajua."

*

Alianzia getini, kwa Dotto. Haikuwa rahisi, Dotto naye alikuwa ameanza kumtazama kwa pembeni.

"Wale uliowarudisha wakiwa na kadi lakini hawamo kwenye orodha. Unawakumbuka?"

"Sikumbuki. Naandika." Alitoa daftari lililokunjika chini ya kiti chake. "Bosi alisema kila anayeleta kelele niandike, asije akasema amepigwa. Haya. Jumatatu ya kwanza, Abedi, mzee wa Ujiji. Jumanne, Adelina. Jumatano, Agripina. Alhamisi huyu, Aloisi, ndiye aliyenitukana. Ijumaa, Ana..."

"Ngoja." Winfrida alishika ukingo wa kiti. "Na wiki hii?"

"Jumatatu, Agape. Jana, Alfonsi. Leo asubuhi, mama mmoja wa Mwandiga, Apolonia."

"Kila siku mmoja."

"Kila siku mmoja. Hata mimi nilishangaa. Nikasema huyu binti hana tamaa, anakula mmoja mmoja." Akaona uso wake, akashusha macho. "Samahani, dada. Ndivyo watu walivyokuwa wakisema."

Winfrida hakuwa akimsikiliza tena. Abedi, Adelina, Agripina, Aloisi. Kama kungekuwa na mtu anauza nafasi, kwa nini auze za watu wa herufi moja tu?

Alirudi mezani saa nane na nusu. Safari hii hakutafuta jina, alihesabu watu. Aliiuliza hifadhidata: Jumatatu ya kwanza ni wangapi? Thelathini. Akahesabu mistari ya faili la siku hiyo. Ishirini na tisa. Jumanne, thelathini, faili, ishirini na tisa. Siku zote nane. Wodini hakuna aliyeshtuka kwa sababu kila kambi kuna mgonjwa asiyetokea, na kwenye benchi la akiba kulikuwa na watu siku zote.

Akafungua skripti. Ilikuwa na mistari kumi na minne na aliijua kama anavyojua nyumba yao gizani. Hifadhidata inapojibu, jibu huja na mstari wa juu wenye vichwa vya Kiingereza: name, age, phone, yaani jina, umri, simu. Mashine haiwezi kumtumia ujumbe mtu anayeitwa "name", kwa hiyo tangu mwanzo alikuwa ameweka amri ya kuukata mstari huo: `tail -n +2`. Maana yake, anza kusoma mstari wa pili. Ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi kwa miaka miwili.

Basi nini kilikuwa kimebadilika?

Jumapili ya kabla ya kambi, Bwana Erasto alimpigia akilalamika kwamba ripoti ya wafadhili ina maneno ya Kiingereza ya kompyuta juu yake, haipendezi. Winfrida alikuwa anatoka misani. Alipita ofisini na nguo zake za kanisani, akafungua faili la mipangilio, akaongeza mstari mmoja wa kuiambia hifadhidata isilete vichwa. Ripoti ikatoka safi. Akaenda zake. Faili lile la mipangilio lilisomwa na skripti zote, sio ya ripoti peke yake. Skripti ya orodha haikuambiwa chochote. Iliendelea kukata mstari wa juu kama ilivyofundishwa, na mstari wa juu sasa haukuwa vichwa. Ulikuwa mtu.

Aliiondoa amri ile. Akaongeza nyingine: hesabu ya hifadhidata na hesabu ya faili zikitofautiana, simama, usitume chochote, andika kosa. Akaiendesha kwa mkono ikiwa imebaki robo saa. Thelathini, na thelathini. Jina la juu lilikuwa Asteria, mkulima wa Mwandiga, ambaye hangejua kamwe kwamba alikaribia kuwa wa tisa.

Winfrida alifunika uso kwa viganja. Kwa dakika moja alifurahi, furaha ya kweli kabisa, kwa sababu hakuwa mwizi. Kisha akaelewa kwamba sasa hakukuwa na wa kumsingizia. Watu wanane walifukuzwa getini, na aliyewafukuza ni yeye.

*

"Tuseme mtandao," Bwana Erasto alisema.

Alikuwa amesikiliza yote amesimama. Pembeni, kwenye kiti cha wageni, alikuwa Daktari Gasper, kiongozi wa madaktari, kofia ya upasuaji bado kichwani, anakunywa maji kwenye chupa.

"Mtandao haukusumbua, bosi."

"Mtandao unasumbua kila siku, kila mtu anajua. Benki wanasema mtandao, umeme wanasema mtandao. Watu wataelewa. Tukisema tulikosea, wafadhili watauliza tumekosea wapi tena."

"Tukisema mtandao watasema tumeuza. Wameshasema." Winfrida alimwonyesha karatasi ya majina. "Mtandao haukatai watu kwa herufi. Wote wanaanza na A. Kesho keshokutwa mtu atakaa chini aone hilo, kama nilivyoona mimi."

"Na huo mstari uliuongeza kwa amri ya nani?" Bwana Erasto alinyoosha tai. "Maana nisije nikaingizwa. Mimi nilikuambia uondoe maneno ya Kiingereza. Sikukuambia uondoe watu."

"Niliuongeza mimi. Ningeujaribu kwenye orodha ningeona. Sikujaribu."

Daktari Gasper aliweka chupa chini. "Wangapi?"

"Wanane."

"Watoto?"

"Mmoja. Miaka saba, macho yote."

Daktari alifumba macho kidogo kama anayepiga hesabu ya uchovu wake mwenyewe. "Wakubwa nitawagawa kesho na Ijumaa, manesi wakikubali kuchelewa kutoka. Mtoto anahitaji usingizi kamili, na mtaalamu wa usingizi kesho amejaa, Ijumaa jioni anaondoka. Kwa hiyo Ijumaa, wa kwanza, saa mbili asubuhi. Asiwe amekula kitu chochote tangu usiku. Akija ameshiba, simgusi. Unanielewa? Na umri huo akikosa mwaka huu, mwakani ubongo utakuwa umezoea giza. Hata nikimtoa mtoto wa jicho, faida itakuwa ndogo."

"Nimeelewa, daktari."

"Basi watafute."

Bwana Erasto alimfuata mpaka kwenye korido. "Ukisimama mbele ya watu ukasema kosa ni lako," alisema kwa sauti ya chini, na haikuwa sauti mbaya, "sitaweza kukusaidia. Barua itabidi iandikwe."

"Iandike, bosi."

Saa kumi alisimama kwenye ngazi za mapokezi na karatasi yenye majina manane. Aliyasoma. Akaeleza kwa maneno mepesi kilichotokea, akasema kosa ni lake. Alikuwa amefikiri kusema kweli kungempunguzia uzito. Watu walimtazama tu. Kijana mmoja aliyemleta bibi yake akauliza, "Umelipwa ngapi na bosi wako kubeba hiyo?" Baadhi wakacheka, foleni ikaendelea na mambo yake.

Akabandika karatasi getini, akaanza kupiga simu. Adelina alipokea, akalia. Aloisi alimtukana kwa Kiha na Kiswahili, kisha akauliza aje saa ngapi. Simu ya Mzee Abedi ilikuwa imezimwa. Ya Stephania iliita mpaka ikakatika, mara nne.

*

Alhamisi asubuhi alichukua bodaboda mpaka Katonga. Alimkuta Stephania nyuma ya nyumba, akianika dagaa kwenye chanja, na Agape amekaa kwenye kivuli cha ukuta akipapasa maganda ya karanga.

"Mwakeye," Winfrida alisalimu kwa Kiha.

Stephania aliitikia kwa sababu salamu haiachwi hewani. Hakumkaribisha kiti.

"Nimepiga simu jana."

"Niliona namba. Sikutaka." Aliendelea kutandaza dagaa. "Umekuja kunishtaki? Watu wamesema utanishtaki."

"Nimekuja kukwambia kilichompata Agape. Niliiamuru kompyuta iruke mstari wa kwanza, nikijua mstari huo ni vichwa tu, hauna mtu. Halafu nikaondoa vichwa kwa mkono wangu mwenyewe, nikasahau ile amri. Mstari wa kwanza wa Jumatatu alikuwa mwanao. Ikamruka."

"Kwa hiyo hakuna aliyenunua nafasi yake."

"Hakuna."

"Kompyuta ilimwona takataka tu."

"Kompyuta haikumwona. Ni mimi ndiye niliyetakiwa kumwona."

Stephania alinyoosha mgongo. Mikono yake iling'aa magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko. "Siku tatu nimekaa kwenye yale mawe. Dotto akanisukuma begani. Kuna mama akanipa shilingi mia mbili, akadhani naomba. Unajua nilifanyaje? Niliipokea, kwa sababu nilishindwa kusema mimi siyo ombaomba, mimi nina kadi."

Winfrida alichota dagaa kwa viganja, akasaidia kutandaza.

"Kesho saa mbili asubuhi anapasuliwa," alisema baadaye. "Wa kwanza. Daktari ameahidi. Lakini asile wala asinywe kitu tangu usiku. Hata uji. Akila, hawatamgusa, na jioni mtaalamu anaondoka."

"Nikija nikaambiwa tena hayumo?"

"Nitakuwa getini mimi mwenyewe."

"Kibirizi nimesema umehongwa."

"Nimesikia. Mama yangu anauza pale."

Stephania aligeuza dagaa wake kwenye chanja. "Sitakwenda kusema vingine," alisema hatimaye, "mpaka mwanangu atoke kwenye hicho chumba. Usinitegemee kabla."

"Sikuja kwa ajili hiyo."

"Mama," Agape alisema kutoka kivulini, uso ameuelekeza kwenye sauti zao, "nikishapasuliwa nitakula saa ngapi?"

Mama yake alicheka ghafla, kicheko kilichomtoka vibaya kama kikohozi, akajifuta uso kwa mkono wenye magamba.

*

Ijumaa Winfrida alikuwa getini kabla ya Dotto. Stephania alitokea saa moja na robo, mtoto mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, na mtoto alikuwa analia njaa. Dotto alifungua geti lote, mabawa mawili, kama anavyofungua kwa gari. Hakusema samahani. Aliubeba mkoba wa Stephania mpaka wodini, na kwa Dotto hiyo ilikuwa nyingi.

Agape alitoka chumba cha upasuaji saa nne kasoro. Kufikia jioni, kati ya wale wanane, sita walikuwa wamefanyiwa. Agripina alikuja lakini shinikizo la damu lilikuwa juu mno, daktari akamkataa. Mzee Abedi hakupatikana. Jirani yake alisema alivuka ziwa kwenda kwa ndugu yake Kalemie, huko Kongo, ameondoka na hasira, sababu hazijulikani.

Saa kumi na moja Bwana Erasto alimpa Winfrida bahasha. Kusimamishwa kazi mwezi mmoja, kamati ikae. Alimpa bila kunyoosha tai. "Ile hesabu uliyoongeza," alisema, "inayosimamisha orodha kama watu hawatimii. Iache humo."

"Nimeiacha."

Jumamosi Veneranda alirudi Kibirizi na mabeseni yake. Alisimulia jioni, wakiwa wanakula: Stephania alifika sokoni asubuhi, akapanda juu ya kreti, akasema kwa sauti kwamba alisema uongo bila kujua kuwa ni uongo, na mtoto wake amefunguliwa kitambaa na ameuliza kwa nini kanga ya mama imechanika. "Nusu wamemwamini," Veneranda alisema. "Nusu nyingine wanasema amenyamazishwa. Lakini dagaa wameisha." Mzee Kalisti alichukua kipande cha samaki kilichokuwa kwenye sahani yake, kile cha kichwani anachokipenda, akakiweka kwenye sahani ya binti yake.

*

Jumatatu saa nne asubuhi mtu alipiga hodi. Mzee Kalisti alifungua, kisha akaita, "Winfrida. Wageni wako."

Barazani alikuwa amesimama mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma, shati limemkaa vizuri kwa pasi, macho yake yote mawili yana ukungu. Mkono wake ulikuwa juu ya bega la mwanamke wa miaka kama thelathini, na mwanamke huyo alisimama kama anayebeba mzigo aliouzoea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiye. Karibuni mkae."

"Hatukai," mwanamke alisema. "Mimi naitwa Yunisi. Huyu ni baba mkwe wangu, Mzee Abedi. Tumetoka hospitali, mlinzi ndiye katuelekeza hapa. Madaktari tumeambiwa wameondoka."

"Wameondoka Ijumaa," Winfrida alisema. "Tulipiga simu yako, mzee, kila siku. Jina lako daktari ameliandika kwa kambi ijayo, mwakani. Najua ni muda mrefu wa kungoja. Naomba radhi."

Mzee alitikisa mkono hewani, kama anayefukuza nzi. Si hilo.

"Jina lake lilisomwa na wewe, na watu wakaleta habari mpaka Ujiji," Yunisi alisema. Alikuwa akiongea na Winfrida lakini kila neno lilikuwa linakwenda kwa mtu mwingine. "Nikavuka kwenda kumchukua Kalemie. Nimemweleza njia nzima. Hanisikii. Anasema nimepanga na watu. Nimemleta asikie kwako."

"Asikie nini, dada?"

"Simu yake naishika mimi. Mimi ndiye ninayemsomea. Kambi ilipokaribia alingoja ujumbe, kila saa ananiuliza, Yunisi, umeingia? Nasema bado. Jumatatu tukaenda na kadi tu, tukarudishwa getini. Akasema nimeufuta. Akasema nimeufuta makusudi abaki kipofu ili nizidi kumtawala ndani ya nyumba ya mwanawe. Akachukua simu yake akaondoka."

Ndani, mlio wa vyombo ulinyamaza. Veneranda na shangazi Marcelina walikuwa wanasikiliza.

Winfrida alikuwa ameeleza kosa lile kwa Bwana Erasto, kwa daktari, kwa foleni nzima, kwa Stephania. Alidhani ameshalizoea. Sasa alisogea karibu ili mzee asikie vizuri, akasema kila neno peke yake.

"Mzee Abedi, ujumbe wako haukutumwa. Haukufutwa na mtu, kwa sababu haukuwahi kufika. Ulikuwa wa kwanza kwenye orodha ya Jumatatu, na mimi nilikosea, mashine ikamruka wa kwanza. Kwenye simu yako hapakuwa na kitu cha kufuta. Yunisi alikwambia kweli."

Midomo ya mzee ilitembea kidogo bila sauti. Mkono wake juu ya bega la Yunisi ulilegea, ukaanguka, na akabaki amesimama peke yake katikati ya baraza, akiyumba. Hakuna aliyemshika. Hata Yunisi hakumshika. Alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yanacheza.

"Yunisi," mzee aliita, akageukia kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Niko huku, baba."

Akajigeuza polepole kuelekea sauti.

"Watoto wako watakuwa wamerudi kutoka shule saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi twende tuwahi," Mzee Abedi alisema, na kuunyoosha mkono mbele mpaka ukakuta wa mkwewe. "Yale maneno niliyasema mbele yao."